Kazi ya mbali kwa kampuni ya teknolojia inayobana: pima saa, mkataba na umeme kabla ya kusaini

Kazi hizi hutangazwa kwa ahadi mbili: fanya kazi ukiwa popote, lipwa kwa dola. Ahadi zenyewe si za uongo, ila zimefupishwa. Hiyo "popote" ina saa zake, na hizo dola zina makato ambayo mwajiri hakati kwa sababu amekuachia wewe uyakate. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali au mji wowote wa Afrika Mashariki ambaye ameletewa ofa na kampuni ya Marekani au Ulaya inayotaka kazi nyingi, majibu ya haraka na tathmini kali kila baada ya miezi mitatu au sita.

Faida ni kubwa na hatutazizunguka: kipato ambacho soko la nyumbani halifiki, watu wenye ujuzi wa kukunoa, saa mbili au tatu za foleni ya barabarani zinazorudi mikononi mwako kila siku, na nafasi ya kuishi karibu na wazazi au watoto. Hasara nazo zinapimika, na karibu zote zinatokana na vitu vitatu: tofauti ya saa, aina ya mkataba, na uimara wa umeme na intaneti yako. Vipime kwa mpangilio huo.

Saa kwanza

Kenya, Tanzania na Uganda ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC), mwaka mzima. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko UTC+2. Sisi hatubadilishi saa, wenzetu hubadilisha mara mbili kwa mwaka, na hawabadilishi siku moja. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba kwa Marekani, 29 Machi na 25 Oktoba kwa Ulaya. Katika zile wiki tatu za Machi na ile moja ya mwisho wa Oktoba, vikao vilivyofungwa kwa saa za New York vitakuwa vimehama kwako ilhali vya Berlin vimebaki palepale, au kinyume chake. Vikao viwili ambavyo havijawahi kugongana vitagongana. Weka kwenye simu yako kikumbusho siku tatu kabla ya kila moja ya tarehe hizo nne, ukague kalenda ya wiki inayofuata.

Sasa tazama siku ya kazi ya kawaida, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni ya huko, inavyoangukia kwa mtu wa Nairobi au Dar:

Berlin: saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni wakati wa baridi yao; saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni wakati wa kiangazi chao.
London: saa 6 mchana hadi saa 2 usiku; kiangazi saa 5 asubuhi hadi saa 1 jioni.
New York: saa 11 jioni hadi saa 7 usiku, kiangazi saa 10 jioni hadi saa 6 usiku.
San Francisco: saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri, kiangazi saa 1 jioni hadi saa 9 usiku.

Aliyeko Kigali, Bujumbura au Goma apunguze saa moja kila mahali.

Kwa maoni yetu, kazi ya London au Berlin ni kazi ya mchana yenye vikao vya jioni, na mtu anaweza kuifanya miaka kumi. Kazi ya San Francisco inayodai uwepo wa saa nane kamili ni kazi ya usiku, hata kama mkataba hauitaji hivyo, na ipewe bei ya kazi ya usiku. New York iko katikati: inavumilika ikiwa mwajiri ataridhika na saa nne za pamoja, yaani saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, nawe ufanye saa nne nyingine mchana ukiwa peke yako.

Kwa hiyo usiulize "mna saa zinazonyumbulika?" Kila meneja atajibu ndiyo. Uliza hivi: ni saa ngapi za lazima za kuwa pamoja kila siku, zimefungwa kwa saa za mji gani, na ni vikao vingapi vya wiki viko nje ya hizo? Ukishajibiwa, andika barua pepe fupi ya kuthibitisha: "Nimeelewa kwamba nitapatikana kuanzia 14:00 hadi 18:00 UTC, Jumatatu hadi Ijumaa." Barua hiyo haina nguvu ya mkataba, lakini miezi sita baadaye meneja mpya akija ndiyo utakayoitoa.

Ijumaa inastahili kuangaliwa peke yake. Ijumaa saa 8 mchana ya San Francisco ni Jumamosi saa 7 usiku kwako wakati wa baridi, saa 6 usiku wakati wa kiangazi. Kikao cha kufunga wiki kikiwekwa hapo, umepoteza wikendi yako kila wiki bila mtu yeyote kukusudia. Kikatae mapema, wiki ya kwanza, ukipendekeza Alhamisi. Kwa anayeswali Ijumaa, swala inaangukia karibu saa 4 asubuhi ya London, ambapo timu nyingi hufanya kikao kifupi cha kila siku; na futari ya saa 12 na nusu jioni inaangukia saa 4 na nusu asubuhi ya New York wakati wa baridi. Zuia muda huo kwenye kalenda kuanzia siku ya kwanza. Wenzako wa ng'ambo huheshimu kalenda iliyojazwa. Nafasi iliyo wazi huijaza wao.

Kuna mtego mdogo wa kwetu wenyewe. Ukimwambia mtu wa nyumbani "kikao saa tatu" na kalenda imeandika 21:00, hakuna tatizo. Tatizo ni pale unapoandika kwa haraka kwenye mazungumzo ya kazi "tukutane saa 3" kichwa kikiwa katika Kiswahili na vidole katika Kiingereza. Andika saa za kazi kwa mtindo wa saa 24 na uziandike kwa UTC, daima.

Tofauti ya saa ina upande wa pili ambao watahiniwa wengi husahau kuuza. Kampuni yenye mfumo unaofanya kazi mchana na usiku inahitaji mtu aliye macho wakati San Francisco imelala. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku ya Nairobi ni saa 3 usiku hadi saa 3 asubuhi ya kule wakati wa baridi: ni usiku wao mzima, saa kumi na mbili kamili. Ukijitolea kushika zamu ya kuitwa, yaani kuamshwa mfumo unapoharibika, katika saa hizo, umemwokoa mwenzako asiamshwe, na wewe hukukosa usingizi hata dakika moja. Sema hivyo kwenye usaili, kabla ya kufika kwenye mshahara.

Mkataba: wewe ni nani kisheria?

Utapewa moja ya sura tatu. Ya kwanza, kampuni ina tawi lililosajiliwa nchini mwako nawe unaajiriwa na tawi hilo. Ya pili, unaajiriwa kupitia kampuni ya kati, mfano Deel au Remote, ambayo ndiyo mwajiri wako kwenye karatasi za nchini. Ya tatu, na ndiyo inayotolewa mara nyingi, wewe ni mkandarasi wa kujitegemea unayetuma ankara kila mwezi.

Katika mbili za kwanza sheria za kazi za nchini zinakulinda. Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka na likizo ya uzazi ya siku 84. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi za likizo na miezi mitatu ya uzazi. Kodi na michango hukatwa kabla pesa haijakufikia. Katika sura ya tatu huna hata kimoja cha hivyo isipokuwa kile ulichokiandikisha mwenyewe kwenye mkataba, na unaweza kuachishwa kwa taarifa ya siku 14, wakati mwingine bila taarifa kabisa.

Soma vifungu hivi kwa kalamu mkononi:

Muda wa taarifa. Omba siku 30 kwa pande zote mbili. Wengi hukubali wakiombwa, kwa kuwa ni wachache wanaoomba.

Umiliki wa kazi. Kifungu kinachosema kila utakachobuni wakati wa mkataba ni mali ya kampuni kitameza hata programu unayoandikia duka la shemeji yako Jumapili. Omba iongezwe: "isipokuwa kazi iliyofanywa nje ya muda wa kazi, bila vifaa vya kampuni, na isiyohusiana na biashara yake." Ambatanisha orodha ya miradi uliyokuwa nayo kabla.

Kazi nyingine. Ukandarasi unaokukataza kuwa na mteja mwingine, unaokupangia saa na kukutaka uombe ruhusa ya likizo, ni ajira iliyovaa kanzu ya ukandarasi. Una haki ya kudai bei ya juu zaidi kwa sababu hiyo.

Ufuatiliaji. Uliza wazi kama kuna programu inayopiga picha za skrini au kuhesabu vibonyezo. Ikiwepo, usiingize akaunti zako za benki, WhatsApp wala barua pepe binafsi kwenye mashine hiyo, hata mara moja.

Hisa. Mpango wa kawaida ni miaka minne, na robo ya kwanza haiji mpaka umalize mwaka mmoja. Ukiondoka mwezi wa kumi na moja hupati kitu. Haki ya kununua hisa hukupa muda mfupi wa kuitumia baada ya kuondoka, mara nyingi siku 90, na lazima utoe pesa yako mfukoni kuzinunua. Kwa kampuni ambayo haijaingia soko la hisa, zihesabu kuwa sifuri unapolinganisha ofa. Zikija kuwa kitu, ni bahati.

Hesabu ya dola

Chukua ofa ya dola 3,000 kwa mwezi, ukandarasi, mtu wa Kenya. Anza na siku usizolipwa. Mwaka una takriban siku 260 za kazi. Ukijipa likizo ya siku 21 na sikukuu 10, siku 31 hazina malipo, karibu asilimia 12. Dola 3,000 zimekuwa 2,640 kwa wastani wa mwezi hata kabla hujaumwa. Omba siku za mapumziko zenye malipo ziandikwe kwenye mkataba wa ukandarasi. Inawezekana, na ni rahisi kwa meneja kukupa siku kuliko kuongeza kiwango.

Halafu kodi. Mkazi wa Kenya anayepata shilingi 387,000 kwa mwezi (dola 3,000 kwa shilingi 129), kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, anadaiwa takriban 108,500 baada ya nafuu ya kila mwezi ya 2,400 na kabla ya kuondoa gharama zinazokubalika. Hiyo ni asilimia 28. Juu yake kuna mchango wa afya wa asilimia 2.75. Pesa hizo zitaingia kwenye akaunti yako zikiwa nzima na zitaonekana kama zako. Siku ya malipo, kabla ya kununua hata soksi ya mtoto, hamishia asilimia 31 kwenye akaunti nyingine ambayo huna kadi yake.

Tarehe za awamu kwa Kenya ni 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba, na ritani ifike kabla ya 30 Juni. Tanzania unapeleka makadirio TRA (mamlaka ya mapato) na kulipa kwa robo: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Uganda mwaka wa kodi unaanza Julai. Mshauri wa kodi wa kukaa naye saa mbili mwaka wa kwanza anajilipia. Weka ankara zote na risiti za intaneti, betri na vifaa katika folda moja.

Kampuni ya Marekani itakuomba ujaze fomu W-8BEN. Inaeleza kwamba wewe si mkazi wa Marekani kikodi, na kwa kazi uliyoifanya ukiwa nje ya Marekani kwa kawaida hawapaswi kukukata kodi ya kule. Fomu hudumu mpaka tarehe 31 Desemba ya mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini: ya 2026 inaisha mwisho wa 2029. Ikiisha bila wewe kujua, idara ya malipo inaweza kukata asilimia 30, na kuirudisha ni safari ndefu.

Kuhusu njia ya kulipwa: uhamisho wa SWIFT, mtandao wa benki wa kutumiana pesa kimataifa, hupita benki za kati, na kila moja inaweza kung'oa kipande. Andika kwenye ankara kwamba gharama za uhamisho zote ni za mtumaji. Fundi wa malipo atachagua "OUR" (mtumaji analipa zote) badala ya "SHA" (mnagawana). Kisha fungua akaunti ya dola, ubadilishe kiasi unachohitaji tu. Hasara kubwa zaidi huwa ni kiwango cha kubadilishia cha benki yako kuliko ada inayoonekana.

Umeme na intaneti

Hapa ndipo watu wazuri hufukuzwa kazi. Meneja aliyeko Seattle hana picha ya kukatika kwa umeme; anachokiona ni mtu aliyetoweka katikati ya sentensi mara tatu kwa wiki. Kenya iliingia gizani karibu yote usiku wa 25 Agosti 2023. Tanzania gridi ilianguka 4 Mei 2024. Hayo ni makubwa yaliyotangazwa. Transfoma ya mtaa wenu haitangazwi.

Piga hesabu ya mzigo: laptopi wati 60, ruta wati 10, skrini ya nje wati 25. Jumla 95, sema 100. UPS (kifaa cha akiba ya umeme) ndogo ya 650 VA ina betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 7, yaani wati-saa 84. Itakubeba chini ya nusu saa, na betri ikizeeka, dakika kumi. Kazi yake ni kukupa muda wa kuaga. Inveta yenye betri ya risasi ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu unaiua. Toa na hasara ya inveta, unabaki na kama 500, yaani saa tano. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma yenye Ah hizohizo inaruhusu kushushwa kwa asilimia 80 hadi 90, kwa hiyo inakupa saa tisa hivi na hudumu miaka mingi zaidi. Bei ya kwanza inauma, ila betri ya risasi utainunua mara tatu ndani ya muda huohuo.

Kama pesa haitoshi, anza hivi: UPS ndogo ya ruta ya volti 12, zile zinazouzwa kwenye maduka ya kamera za ulinzi, pamoja na betri ya mkononi ya wati 65 au 100 inayochaji laptopi kwa USB-C. Skrini ya nje izimike. Mchanganyiko huo unakuvusha saa mbili hadi nne. Soma volti ya ruta yako chini yake kabla ya kununua. Nyingi ni 12, ila ziko za 9, na ukikosea unaichoma. Na kagua LUKU au tokeni kila Jumapili jioni. Kuishiwa units katikati ya usaili ni kosa lisilo na utetezi.

Intaneti inahitaji njia mbili zisizotegemeana: ya waya nyumbani, na ya simu kutoka kampuni tofauti, bando likiwa hai muda wote. Kikao cha video cha watu wengi hula kati ya GB 1 na 2.4 kwa saa. Sauti pekee haifiki MB 100. Kwa hiyo bando la akiba la GB 10 linatosha siku nzima ukizima kamera. Pima kasi ya kupakia, maana matangazo huonyesha ya kupakua tu: unahitaji Mbps 3 au 4 za kupakia zisizotikisika, na upime saa 3 usiku mtaa mzima ukitazama mpira, usipime saa 4 asubuhi.

Lakini kampuni mbili zinaweza kupita kwenye mkongo mmoja wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watu wenye laini tatu tofauti Tanzania walijikuta wote wako polepole. Mwaka huohuo, Februari, mikongo kadhaa ilikatika Bahari ya Shamu. Nchini Kenya, Rwanda na kwingineko ambako Starlink imeruhusiwa, setilaiti ni njia ya tatu. Kisha kuna kuzimwa kwa makusudi: Uganda Januari 2021, Tanzania mwishoni mwa Oktoba 2025, zote wakati wa uchaguzi. Dhidi ya hilo betri haisaidii. Mwambie meneja miezi miwili kabla ya uchaguzi, panga likizo au safari ya nchi jirani, na mpe namba ya simu ya kawaida ya kukupigia.

Aliyeko Tanzania ashughulikie mapema VPN ya kampuni, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wake. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wazisajili. Mwombe fundi wa kampuni jina la huduma na anwani ya IP, ukamilishe usajili kabla ya siku ya kwanza.

Umbali nao hauondoki kwa kuongeza Mbps. Ishara kwenda California na kurudi huchukua kama milisekunde 250 hadi 300. Kuandika programu moja kwa moja kwenye seva ya kule kutakuchosha: kila herufi inachelewa. Weka faili kwenye mashine yako, ulandanishe, uendeshe majaribio kule. Kwa terminali tumia Mosh, ambayo huonyesha herufi kabla seva haijajibu na haikatiki ukihama kutoka waya kwenda simu. Hazina kubwa ya msimbo wa programu ishushe kwa `git clone --filter=blob:none`, amri inayoacha yaliyomo ya faili za zamani mpaka yahitajike, vinginevyo GB 8 zitakatika kwenye ya 7 na kuanza upya.

Mwisho wa sehemu hii, kipaza sauti. Mvua ya masika juu ya bati hakuna programu inayoizuia kikamilifu. Headseti yenye kijiti cha mdomoni inashinda kipaza sauti cha bei mbaya kilichowekwa mezani.

Kazi yenyewe: swali moja, siku moja

Katika kampuni inayobana, anayepimwa ni aliyemaliza. Ukikwama saa 4 asubuhi na mtu mwenye jibu anaamka saa 11 jioni yako, umepoteza siku. Ukiuliza vibaya naye akajibu kwa swali, umepoteza mbili. Swali lako liwe na vitu vinne: unachojaribu, ulichokwisha kujaribu na matokeo yake, chaguo mbili unazoziona, na utakalofanya usipojibiwa. "Nisiposikia hadi 17:00 UTC naendelea na chaguo la kwanza, linarudishika." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayokutoa kwenye foleni.

Badiliko la msimbo liwe dogo, mistari 200 hadi 300, liweze kukaguliwa ndani ya robo saa. La mistari 1,500 litaahirishwa na kila mkaguzi mpaka Ijumaa. Kuwa na kazi mbili mkononi daima, moja inayosubiri wenzako na nyingine isiyomsubiri mtu.

Kila Ijumaa andika mistari mitano: kilichokamilika, kinachoendelea, kilichokwama na kwa nani, namba zilizobadilika, cha wiki ijayo. Mtumie meneja, ubaki na nakala. Tathmini ikija, anayefanya kazi ofisini ana watu waliomwona akihangaika. Wewe una hizo Ijumaa 26.

Zamu ya kuitwa

Uliza kiwango cha upatikanaji wanachoahidi wateja. Asilimia 99.9 ni dakika 43 za kuzimika kwa mwezi; 99.99 ni dakika nne na sekunde kadhaa. Kwa ya pili, utatakiwa kuitikia wito ndani ya dakika tano, na hiyo maana yake huendi sokoni bila laptopi. Uliza pia: watu wangapi kwenye mzunguko (chini ya watano ni balaa), miito mingapi ililia wiki iliyopita, na kama zamu inalipwa. Namba ya wiki iliyopita ndiyo jibu la kweli. "Si mara nyingi" usiipokee.

Wiki ya zamu, simu ya kupokea wito iwe na laini ya mtandao mwingine usio wa ruta, na mtu wa pili ajulikane kwa jina endapo utapotea hewani. Usiku wa wito ukifuata mchana wa kazi, chukua asubuhi yake kama fidia bila kuomba radhi, ukiandika tu kwenye kalenda.

Vifaa, safari na kuondoka

Laptopi ikitumwa kutoka nje, itasimama forodhani ikidaiwa VAT, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, pamoja na tozo nyingine. Omba ununuliwe nchini kwa bajeti, au mtumaji alipe kila kitu mpaka mlangoni, na hilo liandikwe. Kampuni nyingi za mbali hukutanisha watu mara moja au mbili kwa mwaka: maombi ya Schengen hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na miadi ya visa ya Marekani inaweza kuchukua miezi, hivyo omba barua ya mwaliko siku tarehe inapotangazwa.

Na jua kwamba sera ya kazi ya mbali inaweza kufutwa. Amazon ilitangaza Septemba 2024 kwamba watu warudi ofisini siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Mkandarasi aliye Mwanza hana ofisi ya kurudi. Weka akiba ya miezi sita ya matumizi kwa dola, na kila mwezi hifadhi nje ya mashine ya kampuni vitu vilivyo vyako: mkataba, ankara, uthibitisho wa malipo, barua za tathmini, hati za hisa. Akaunti hufungwa dakika ileile unapoarifiwa, mara nyingine kikao kikiwa bado kinaendelea. Usichukue msimbo wala data ya wateja. Ukishaarifiwa, andika barua pepe ukitumia anwani yako binafsi siku hiyohiyo ukiuliza mambo matatu: tarehe ya malipo ya mwisho, siku ya mwisho ya kununua hisa zilizokomaa, na nani atalipia usafiri wa kurudisha laptopi.